Mikopo ya vijana: kikundi cha wabunifu watupu kinahitaji mtu wa daftari

Mhariri,

Tangu mikopo ya halmashauri irejeshwe mwaka 2024, baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, vikundi vya vijana na wanawake hapa Mbeya vimekuwa vikijipanga upya. Utaratibu unajulikana: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Jambo lisilozungumzwa ni nani anakaa na nani ndani ya kikundi. Mafundi cherehani watano wa Mwanjelwa, kila mmoja na mkono wake wa ajabu, huungana kwa sababu wanaelewana na wanafanana. Sisi tunaofundisha mafundi na wasindikaji wadogo wa Nyanda za Juu Kusini namna ya kupiga hesabu na kuendesha biashara tunaomba nafasi kueleza kwa nini kufanana huko ni hatari, na nini kifanyike kabla fomu ya mkopo haijajazwa.

Mtu mbunifu tunamtambua kwa matendo. Akiona kitu kimetengenezwa vizuri, swali lake la kwanza ni "hiki kingewezaje kuwa tofauti?" Hachoki kujaribu, ila huchoka upesi kurudia. Wataalamu wa saikolojia wana vipimo vya tabia hizi, na viwili kati yake vinahusu sana biashara: kupenda mambo mapya, na umakini wa kumaliza kazi kwa mpangilio. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wingi, lakini si kawaida. John Holland, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuchapisha nadharia yake mwaka 1959, aligawa mielekeo ya kazi katika aina sita na baadaye zikapangwa kwenye pembe za umbo la pembe sita. Mwelekeo wa kisanii na ule wa kutunza kumbukumbu na taratibu viko kwenye pembe zinazotazamana, yaani mbali kabisa. Na mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount, waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za kazini, walionyesha kuwa umakini wa kazi ndio tabia inayohusiana na ufanisi katika kazi za kila aina walizochunguza.

Tusieleweke vibaya. Bila wabunifu biashara zetu zingekuwa safu ya fremu zinazouza kitu kilekile kwa bei ileile. Mbunifu ndiye anayeona kuwa kikapu cha milulu cha Iringa kinaweza kuwa kivuli cha taa. Bitana ikiadimika sokoni, mwenzake hufunga kazi kusubiri mzigo, yeye hubadilisha mshono ili bitana isihitajike. Humsikiliza mteja kwa macho: mama anasema anataka gauni la sendofu kama la jirani, mbunifu anaona bega moja liko chini kuliko lingine na kukata kitambaa kwa namna inayolificha. Kitu hicho hakina bei ya kushindania, kwa sababu hakipo kwa jirani. Tena mbunifu huvumilia kutojua kesho itakuwaje, jambo ambalo humnyima mtu wa taratibu usingizi.

Wabunifu wenyewe nao hawako sawa. Michael Kirton, mwaka 1976, aliwatenganisha wale wanaoboresha kitu kikiwa ndani ya utaratibu wake na wale wanaovunja utaratibu wenyewe. Msusi anayebadilisha mkono wa kikapu ili usikatike ni wa kundi la kwanza. Anayekigeuza kikapu kuwa taa ni wa kundi la pili. Biashara inayoanza inamhitaji huyu wa pili. Ikishapata wateja wa kudumu inamhitaji zaidi wa kwanza, na hapo ndipo magomvi mengi ya vikundi huzuka bila watu kujua chanzo chake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo kipaji kinapovuja. Tuchukue mfano wa gauni la kitenge, mteja akileta kitambaa chake. Tarakimu ni za kuonyesha njia tu, kila fundi aweke za kwake. Ushonaji ni shilingi 35,000. Vifaa: bitana mita 2 shilingi 8,000, zipu 1,000, kitambaa cha kukazia shingo 2,000, uzi 1,000, jumla 12,000. Zinabaki 23,000, na mafundi wengi huishia hapo na kuziita faida. Lakini fremu ina gharama za mwezi: kodi 120,000, umeme 34,000, ulinzi na taka 20,000, kuhudumia cherehani na ovaloki 30,000, simu 30,000. Jumla 234,000. Ukifanya kazi siku 26 kwa saa 9 unapata saa 234, kwa hiyo kila saa fremu ikiwa wazi inakula shilingi 1,000 kabla hujashika sindano.

Mtindo mpya, pamoja na kuchora, kukata kwa tahadhari, kupima kwenye mwili na kufumua makosa, huchukua saa 9. Toa 9,000 za fremu, zinabaki 14,000. Fundi amelipwa kama shilingi 1,550 kwa saa. Mtindo huohuo ukishonwa mara ya tano, mkono umeshauzoea na karatasi ya kukatia ipo, huchukua saa 5. Toa 5,000, zinabaki 18,000, yaani shilingi 3,600 kwa saa. Bei ni ileile, vifaa ni vilevile, malipo ya saa yamezidi mara mbili.

Mbunifu huuacha mtindo palepale unapoanza kumlipa. Akishaushona mara mbili moyo wake umehama, anatafuta mwingine, na anarudi kwenye saa 9. Mwaka mzima anafanya kazi kwa malipo ya mwanafunzi huku akisifiwa mji mzima. Wateja wanasema "yule dada ni noma", na dada hajalipa kodi ya fremu. Hili hutuumiza kuliko mengine yote, kwa sababu anayeumia hapa ni fundi hodari mwenye bidii.

Njia ya kulitibu ni mojawapo kati ya mbili. Ama gauni la kwanza la mtindo mpya lilipiwe kwa saa zake halisi: 3,600 mara 9 ni 32,400, ongeza 9,000 za fremu na 12,000 za vifaa, bei ni 53,400. Mteja anayetaka kitu ambacho hakijavaliwa na mtu mwingine yupo, na hiyo ndiyo bei yake. Au kikundi kiweke sharti kwamba mtindo hauachwi mpaka ushonwe angalau mara tano. Tukikadiria saa 9, 7, 6, 5 na 5, jumla ni saa 32. Magauni matano yanaleta 115,000 baada ya vifaa, toa 32,000 za fremu, zinabaki 83,000, yaani karibu 2,600 kwa saa. Si 3,600, lakini ni biashara. Na karatasi za kukatia zihifadhiwe, zikiwa zimeandikwa jina la mtindo, saizi na tarehe, zitundikwe ukutani kwa msumari. Kuzitupa ni kutupa saa nne kila mara.

Kuchelewa kuna asili yake pia. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu hukadiria muda wa kazi kwa kuifikiria kazi ikienda sawa, bila kutazama kazi zilizopita ziliendaje. Kila mtu ana tabia hii, ila mbunifu huongezewa na mambo mawili: kila kazi yake ni mpya, hivyo hana ya kulinganisha, na njiani huona namna bora zaidi akaanza upya. Kumwambia "acha kuchelewa" hakumsaidii. Mpe daftari lenye safu mbili, siku alizoahidi na siku zilizotumika, kwa kazi kumi mfululizo. Jumlisha kila safu. Ikiwa aliahidi siku 42 na zikatumika 63, gawa 63 kwa 42, kizidishio chake ni 1.5. Kuanzia hapo, akisema siku nne, mteja anaambiwa sita. Kizidishio kihesabiwe upya kila baada ya kazi kumi, na anayempa mteja tarehe asiwe yeye.

La advansi ni zito zaidi kwa sababu linaweza kumfikisha mtu polisi. Seremala anapata oda ya kabati la shilingi 600,000, anapokea nusu, 300,000. Mbao, misumari, gundi, vioo na vanishi vinahitaji 280,000. Siku hiyohiyo anaona mbao nzuri ya mninga, au mashine ya kuchonga kingo inauzwa kwa bei rahisi, akili inamwambia atafanya nayo maajabu, ananunua. Mbao za kabati zinanunuliwa kwa advansi ya mteja wa pili. Za mteja wa pili kwa advansi ya wa tatu. Kazi zikija mfululizo hakuna anayeona tatizo. Ikifika Januari, watu wakilipa ada na kununua mbolea ya kukuzia mahindi, oda zinakatika, na ghafla kuna wateja watatu, hakuna mbao, hakuna fedha. Seremala hakukusudia wizi hata kidogo, lakini mteja hana njia ya kujua hilo.

Kanuni ni hii: advansi ikipokelewa inageuka vifaa siku hiyohiyo, risiti inabanwa kwenye karatasi ya oda ya mteja huyo, na kinachobaki kinawekwa kwenye laini ya pili ya simu ambayo namba yake ya siri anayo mtu mwingine. Kwa kazi za mbao liangaliwe na jingine: mbunifu mwenye hamu ya kuona sura ya kitu chake huanza na mbao ya paini ambayo haijakauka. Ikiwa bado Mafinga au Njombe kwenye baridi inaonekana sawa. Samani ikifika Dodoma au Dar es Salaam inapinda na viungio vinafunguka. Mtu wa taratibu angeipanga mbao kwa vijiti katikati, chini ya paa, na kusubiri.

Kwenye oda kubwa udhaifu hugeuka. Mnunuzi wa vikapu akitaka 200 vya aina moja, msusi mwenye kipaji huona aibu kutoa vinavyofanana, anaweka ua hapa, anaongeza mstari pale, kimo kinazidi kwa kidole. Kwa mnunuzi, kikapu kisichoingia ndani ya kingine hakipangiki kwenye boksi, na kisichopangika kinarudishwa. Hapa maneno hayatoshi. Kata kijiti chenye urefu wa kimo kamili, tengeneza pete ya waya yenye upana wa mdomo unaotakiwa, kubalianeni tofauti isizidi sentimita 1, na kikapu cha mfano kilichokubaliwa na mnunuzi kifungwe kwenye mfuko kisiguswe. Kila msusi apewe kijiti na pete yake. Ubunifu wake autoe kwenye vikapu vya kuuza rejareja, ambako tofauti ndiyo inayolipa.

Mbunifu pia huona ugumu kuachia kazi mikononi mwa mwingine. "Hawatafanya kama mimi" ni kweli, lakini biashara inayotegemea mkono mmoja inasimama mkono huo ukiugua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa miaka michache tu, kuanzia 1968 hadi alipofariki 1972. Mtindo wake unaendelea kuwalisha watu mpaka leo kwa sababu aliwafundisha ndugu zake wakiwa naye, kwa vifaa rahisi kupatikana: ubao na rangi za mafuta za baiskeli. Fundi anayeficha karatasi zake za kukatia na atafakari hilo.

Kuhusu kuigwa tuseme kwa ufupi. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakukupi ulinzi wa nembo, hiyo husajiliwa kwa maombi yake, BRELA hapohapo. Mchoro wako wa asili unalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, lakini kumshtaki kila jirani aliyeiga shingo ya gauni kutakumaliza. Shona lebo yenye jina ndani ya kila nguo, uwe wa kwanza sokoni, uwe wa uhakika kwa tarehe.

Basi mtu wa daftari, yaani yule mwenye umakini wa kutunza hesabu na taratibu, atapatikana vipi? Wengine hupenda kugawa karatasi za maswali zinazomwambia mtu yeye ni wa aina gani. Hatuzishauri. Watu si wachache ambao wakijibu maswali yaleyale baada ya wiki kadhaa huangukia kundi jingine, na mwombaji mwerevu hujua jibu gani linatakiwa. Tumieni kazi. Kikundi kabla ya kusajiliwa kiwape wanachama wote majaribio matatu. La kwanza, kila mmoja ashone mifuko kumi inayofanana, kisha wa kwanza na wa kumi ilinganishwe kwa rula. La pili, kila mmoja apewe risiti ishirini zilizochanganywa, azipange kwa tarehe na kuzijumlisha ndani ya dakika arobaini. La tatu, kitambaa cha mteja kimepungua nusu mita, kila mmoja aeleze njia tatu za kuokoa kazi. Asubuhi moja inatosha. Aliyeng'ara la tatu akaboronga la pili mnajua nafasi yake, na aliyefanya kinyume chake pia. Kama wote watano wamefanana, kikundi kimtafute wa kumwongeza au kubadilishana na kikundi kingine, hata kama hajui kushona. Msimfanye kuwa mhazini wa jina tu.

Mgawanyo wa mamlaka uandikwe. Mbunifu anaamua mtindo, rangi na ubora wa mwisho, na ana haki ya kukataa kitu kisitoke hata kama mteja yuko mlangoni. Mtu wa daftari anaamua bei ya chini kabisa, tarehe ya kukabidhi na matumizi ya fedha. Manunuzi yanayozidi shilingi 50,000 yawe na sahihi mbili. Kila Jumatatu wakae nusu saa na tarakimu nne tu: oda zilizoingia, zilizotoka, zilizochelewa, na fedha za wateja zilizoshikwa. Mtu wa daftari alipwe sawa na fundi. Vikundi humlipa kidogo kwa kuwa "hafanyi kazi", akiondoka wanakumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Naye asiachiwe kila kitu. Mtu wa daftari akitawala peke yake huona kila jaribio ni hasara, kwa kuwa hasara ya jaribio inaonekana leo na faida yake haionekani. Kikundi kitauza mtindo wa mwaka juzi mpaka wateja wahamie Kabwe. Kwa hiyo fungu la kujaribia liwe haki ya mbunifu isiyojadiliwa kila mwezi: asilimia 10 ya faida na siku moja kwa wiki. Kila jaribio liandikwe kabla halijaanza: litasimamishwa tarehe ipi, likiwa limeuza vipande vingapi, na hasara isizidi kiasi gani. Wakati wa kuandika ni kabla, maana mtu akishakipenda kitu alichokiumba hawezi tena kukihukumu.

Majira yetu yanasaidia mpango huu. Fedha mikononi mwa wakulima huja baada ya mavuno, mpunga wa Kyela na kahawa ya Mbozi vikishauzwa, na sherehe hufuata hapo. Wakati wa Kwaresma harusi hupungua sana. Februari na Machi ndio miezi ya mbunifu: siku mbili au tatu kwa wiki za kubuni, karatasi za kukatia zitayarishwe, mitindo mitano au sita ipimwe kwa wateja wachache. Kuanzia Juni mlango wa mitindo mipya ufungwe, izalishwe iliyochaguliwa mpaka Desemba. Tumeona wabunifu wakikubali kurudia kazi kwa utulivu wakijua kipindi chao kinakuja na fungu lake lipo.

Tunawaomba maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri za Mbeya, Rungwe, Mbozi, Iringa na Njombe waviulize vikundi mambo manne wakati wa kuhakiki maombi. Nani anashika daftari, na amelipwa kiasi gani mwezi uliopita? Ni bidhaa gani mliyoitengeneza kwa kufanana zaidi ya mara tano, na vipimo vyake viko wapi? Fedha za wateja ambao hawajachukua kazi zao ziko kwenye laini gani? Na marejesho yenu yamepangwa vipi kwa miezi ya Januari hadi Machi, ambayo kipato hushuka? Kikundi kisicho na majibu kisinyimwe moja kwa moja. Kipewe miezi miwili, kijaribu oda tatu za kweli kwa utaratibu huu, kisha kirudi na daftari lake likaguliwe.

Wakufunzi wa mafundi na wajasiriamali wadogo,
Mwanjelwa, Mbeya.